Chupa Mbili Dirishani

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, saa mbili asubuhi, na Songea ilikuwa bado imejikunyata. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na msimu huo ukungu wa upande wa milima ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma, hauna haraka ya kuondoka. Wanafunzi kumi na wawili waliingia maabara na masweta yao, mikono kwapani. Nje ya nondo za dirisha kulikuwa na chupa mbili za mafuta ya kupikia zilizolala hapo tangu jana yake jioni. Moja ilikuwa ya alizeti, nyingine ya mawese yaliyosafishwa. Ya alizeti ilikuwa angavu kama asali nyepesi. Ya mawese ilikuwa imeganda hadi nusu, mgando mweupe umetulia chini kama samli.

Mwalimu hakusema neno. Alizitoa, akampa wa kwanza, naye akampa wa pili. Wakazigeuza, wakazitikisa, mmoja akainusa.

"Mmeona nini?"

"Madam, hii imeganda."

"Na hii?"

"Haijaganda."

"Zililala wapi?"

"Dirishani."

"Zote?"

"Zote."

"Kwa hiyo baridi ni ileile. Haya."

Akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma, karibu na sinki, nimekuja kumleta mpwa wangu na nikaombwa nibaki ninywe chai. Nilihesabu karibu dakika nzima ya kimya. Walimu wengi niliowajua wasingevumilia nusu yake. Wangeshageukia ubao, wangeandika jina la kitu, na wanafunzi wangeshainamia madaftari. Huyu aliegemea meza yake, akawatazama wanavyozitazama chupa, kama mtu anayesubiri sufuria ichemke na anayejua kwamba kufunua kifuniko kila mara hakusaidii.

Wanafunzi hao walikuwa wamemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, matokeo yameshatoka, wanangojea kwenda kidato cha tano. Wamechagua tahasusi za PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia, jiografia). Muulize yeyote kati yao anataka nini, atakwambia udaktari, uuguzi, kilimo, mifugo. Wawili walitaja hospitali ya Peramiho, nje ya mji, kama mahali wanapotamani kufanya kazi siku moja. Wanapenda baiolojia. Kemia wanaiona kama mlinzi wa getini, mtu unayemsalimia kwa heshima ili akuruhusu upite uende kwenye jambo lako. Kazi ya Mwalimu, kwa miezi ile michache, ni kuwaonyesha kwamba huyo waliyemdhania mlinzi ndiye mwenye nyumba.

Naijua hofu yao. Mimi nilisoma kemia katika shule isiyokuwa na maabara. Tuliimba valensi kwa pamoja kama kwaya, sodiamu moja, kalsiamu mbili, alumini tatu, na mwalimu wetu, ambaye hakuwa na chochote zaidi ya chaki, alitupigia mdundo kwa rula. Nilifaulu kwa kuimba. Nilimaliza shule bila kushika testi tyubu hata mara moja, na hadi leo ninajua valensi ya alumini bila kujua ina maana gani kwa jani, kwa damu au kwa udongo. Ndiyo sababu nilikubali kubaki kwa chai, na ndiyo sababu nilirudi kila Jumamosi hadi mwezi ukaisha.

Turudi kwenye chupa. Kimya kilipokomaa, Mwalimu alitoa chini ya meza mafungu mawili ya kuni ndogo. Fungu la kwanza lilikuwa fito zilizonyooka. La pili lilikuwa matawi ya mpera, kila moja na kona yake. Akawaambia wayafunge mafungu yote kwa kamba, yabane kadiri wawezavyo. Fito zikalaliana, zikawa kitu kimoja. Matawi ya mpera yakagoma. Ukibana huku, yanafura kule. Msichana mmoja akaanza kucheka, kisha akaacha kucheka, akaitazama tena chupa ya alizeti. Uso wake ulibadilika kabla hajafungua mdomo.

"Madam, ya alizeti yana kona."

Hapo ndipo chaki iliposhikwa. Mwalimu alichora mnyororo wa kaboni 18, kila kaboni na mikono yake minne, haidrojeni zikiwa zimejaa kila upande, umenyooka kama fito. Pembeni akachora mwingine wenye urefu uleule, lakini kati ya kaboni ya 9 na ya 10 akaweka vifungo viwili badala ya kimoja, na mnyororo ukapinda. Alipogeuka, nusu ya darasa lilikuwa limeshaelewa kwa nini mafuta yenye minyororo iliyopinda hayapangiki vizuri kwenye baridi, na kwa hiyo hayagandi upesi. Majina yakaja mwisho: mafuta yaliyoshiba, mafuta yasiyoshiba. Yalikuja kama jina la mtoto ambaye ameshazaliwa.

Kisha akauliza swali alilokuwa amelikusudia tangu jana yake jioni alipoziweka chupa dirishani. "Wanangu, kila seli mliyonayo imezungushiwa utando wa mafuta. Utando huo ukiganda kama mawese haya, chakula kitapita wapi?" Nikamwona mpwa wangu akijigusa mkono.

Siku za Ijumaa nilianza kwenda mapema, kumwangalia akiandaa. Huko, nadhani, ndiko ufundi wake unakoonekana wazi zaidi, kwa sababu hakuna anayemtazama. Maabara ni chumba kimoja chenye meza za zege, zilizojengwa katika kampeni ile ya miaka ya 2010 iliyotaka kila shule ya kata iwe na vyumba vya fizikia, kemia na baiolojia. Bomba linatoa maji siku likipenda. Maji ya kuchanganyia dawa ni ya mvua, aliyoyakinga mwezi wa nne baada ya mvua kubwa kuosha bati, akayachuja, akayahifadhi kwenye madumu yaliyofungwa vizuri.

Dawa ya iodini ndiyo aliyonionyesha kwanza. Iodini ni ileile ambayo kwenye pakiti za chumvi tunaiita madini joto, lakini ikiwa peke yake ni vipande vya kijivu kinachometameta, vyenye mvuke wa zambarau unaowasha pua. Ukiitupa kwenye maji, inazama na kukaa. Maji yanapata rangi kidogo tu, basi. Mtu mwenye haraka atakoroga hadi mkono umchoke, kisha atasema iodini imechacha. Mwalimu hupima kwanza chumvi nyeupe iitwayo iodaidi ya potasiamu, anaimumunyua katika maji machache sana, kama vijiko viwili. Ndani ya maji hayo makali ndipo anapoitia iodini, anakoroga polepole hadi chembe ya mwisho ipotee. Maji mengine yanaongezwa baadaye. Iodaidi huishika iodini, wawili hao wanaungana kuwa kitu kimoja kinachokubalika majini. Ukianza kwa maji mengi, wanapotezana. Vitu ni vilevile, vipimo ni vilevile. Kilichotofautiana ni nani aliingia kwanza.

Ndivyo ilivyo pia kwa dawa ya Benedict, ile ya kupimia sukari. Kwa lita moja, gramu 17.3 za salfeti ya shaba, gramu 100 za kaboneti ya sodiamu, gramu 173 za sitreti ya sodiamu. Salfeti ya shaba wazee wanaiita mrututu, na watoto wa wakulima wa kahawa wa Mbinga wanaitambua rangi yake mara moja kwa dawa za shaba zinazopulizwa mashambani. Kaboneti na sitreti zinamumunyuka pamoja kwa moto mdogo. Shaba inamumunyuka peke yake katika chombo kingine. Kisha ya shaba inamiminwa ndani ya hiyo nyingine, uzi mwembamba, huku mkono wa pili ukikoroga bila kusimama. Sitreti, ambayo ni chumvi itokanayo na asidi ya ndimu, inaikumbatia shaba isikamatwe na kaboneti na kugeuka matope ya kijani. Niliuangalia ule uzi wa bluu ukishuka kwa dakika nyingi. Hakuzungumza nami wakati ule, na mimi sikumsemesha.

Kesho yake dawa hiyo ilizaa jambo lingine, dogo, ambalo sitalisahau. Testi tyubu zilikuwa zimesimamishwa ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la spiriti, juisi ya ndizi mbivu ikingoja kubadilika kutoka bluu kwenda kijani, njano, chungwa, hadi wekundu wa tofali. Kijana mmoja alikuwa ameshika kipimajoto. Maji yalikuwa yanatokota kabisa, mapovu makubwa, lakini kipimajoto kiligoma kwenye nyuzi 96.

"Madam, kipimajoto kibovu. Maji yanachemka kwenye 100."

"Nani kakwambia?"

"Kitabu."

"Kitabu kiliandikwa wapi?"

Alimwacha alizunguke swali hilo hadi sukari ikaonyesha rangi yake. Ndipo akaeleza kwamba kipimajoto ni kizima, ila hapa tulipo hewa juu yetu ni pungufu kuliko ya Dar es Salaam, haiyakandamizi maji kwa nguvu ileile, nayo yanapata njia ya kutoka mapema. Kwa hiyo maharage ya Songea yanakaa jikoni muda mrefu kuliko maharage ya Pwani hata kama moto ni mmoja. Kijana akaandika 96 kwenye daftari lake, si 100. Mwalimu alipita, akaliona, akamgusa bega. Katika mtihani, namba inayotoka kwenye macho yako na namba inayotoka kwenye kitabu zinaweza kugombana, na nimeona watu wazima wenye vyeo wakichagua kitabu.

Niseme kidogo kuhusu lugha. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza na mtihani utakuwa wa Kiingereza. Mwalimu halifichi hilo, na mwisho wa kila kipindi wanafunzi wanaandika kwa Kiingereza. Lakini kuelewa kunapita kwanza kwenye Kiswahili, na Kiswahili kina hazina ambayo hatuifungui. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Nakala ya Mwalimu imeng'oka jalada, imefungwa kwa utepe. Sukari kwenye chai haiyeyuki, anawaambia, inamumunyuka. Barafu ndiyo inayoyeyuka. Kinachoyeyuka kinahitaji joto. Kinachomumunyuka kinahitaji mwenzake, kama pipi inavyohitaji mate unapoimumunya. Na lile neno kimeng'enya: limetoka kwenye kumeng'enya, kukivunja kitu kidogokidogo. Mwanafunzi akilisikia ameshapata nusu ya somo bure.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya muhogo, na hapo ndipo nilipoelewa alikuwa anawapeleka wapi muda wote.

Alianza na parachichi. Zima, la kijani, halina neno. Akalikata, akaliweka mezani, akaendelea na mambo mengine. Baada ya robo saa nyama yake ilikuwa imeanza kuwa ya kahawia. Kwa nini halikugeuka lilipokuwa zima? Wakabishana. Wakafika, kwa kusukumwa kidogo, kwenye jibu kwamba ndani ya seli kuna vyumba, na kwamba kimeng'enya na kitu kinachomeng'enywa vilikuwa katika vyumba tofauti hadi kisu kilipobomoa ukuta.

Ndipo akautoa muhogo mchungu kutoka kwenye mfuko, akauweka katikati ya meza. Ndani yake, akasema, kuna kitu kiitwacho linamarini kinachokaa chumba chake, na kimeng'enya chake kinakaa kwenye kuta za seli. Muhogo ukiwa mzima shambani hawakutani. Ukisaga, ukiponda, ukitafuna, wanakutana. Linamarini inavunjika, na mwisho wa safari inatoka sumu, sianidi ya haidrojeni, inayochemka kwenye nyuzi kama 26 tu. Maana yake ukiipa nafasi na jua, inaruka yenyewe hewani. Usipoipa nafasi, unaila.

Akawaomba wahesabu. Linamarini ina kaboni 10, haidrojeni 17, nitrojeni 1, oksijeni 6. Wakajumlisha: 120, 17, 14, 96. Jumla 247. Sianidi ya haidrojeni: 1, 12, 14. Jumla 27. Gramu 247 za kile zinaweza kutoa gramu 27 za sumu. Kisha akaandika kiwango ambacho viwango vya kimataifa vya chakula vinakikubali kwenye unga wa muhogo: miligramu 10 kwa kilo moja. Akaweka punje moja ya mchele kwenye kiganja cha kila mmoja. "Miligramu 10 hazifiki uzito wa hiyo. Niambieni zina molekuli ngapi."

Moli, ile dhana iliyowatoa machozi kidato cha tatu, ikahesabiwa na mikono isiyotetemeka. Gawanya kwa 27, zidisha kwa namba ya Avogadro. Walipata 2 na sifuri 20 nyuma yake, na ziada kidogo. Waliitazama ile punje ya mchele kwa muda.

Mwalimu hakuwaficha kilichotokea kwa watu. Tarime, mwaka 1985, wakati wa ukame, familia zilizokuwa na muhogo mchungu pekee zilifupisha siku za kuuandaa kwa sababu ya njaa, na watu, wengi wao watoto na wanawake, wakaamka miguu imekakamaa, hawawezi kutembea tena kama jana yake. Ugonjwa huo unaitwa konzo, neno la Wayaka wa Kongo linaloeleza miguu iliyofungwa. Kusini mwa nchi yetu nako ulifika, miaka ya mwanzo ya 2000. Akaeleza jinsi sianidi inavyokishika chuma kilicho ndani ya kimeng'enya cha mwisho cha upumuaji, hivi kwamba damu inafika imejaa oksijeni na seli haiwezi kuitumia. Akaeleza pia kwamba mwili una njia ya kujiokoa: unaipachika sianidi salfa, inageuka kitu chenye sumu ndogo zaidi kinachotoka kwenye mkojo. Salfa hiyo inatoka kwenye protini. Anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa wa Ziwa Nyasa au kwa maharage ana salfa ya akiba. Anayeula kwa mboga za majani peke yake, mwezi baada ya mwezi, hana.

Darasa lilikuwa kimya kweli. Msichana wa kona za alizeti aliinua mkono, akauliza kwa sauti ndogo kama mama yake, anayesaga unga na kuupika siku hiyohiyo, anakosea. Mwalimu alimjibu kwa adabu kubwa, kama vile mama mwenyewe yuko chumbani. Akamwambia kuhusu njia moja iliyofanyiwa utafiti na wanasayansi wa Australia na kujaribiwa vijijini: loanisha unga kwa maji, uutandaze kwenye mkeka safu nyembamba isiyozidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha pika. Kimeng'enya kilichobaki kinamalizia kazi yake, na sumu inaondoka na upepo. "Usimwambie anakosea, mama. Mwambie kuna hatua moja ya kuongeza." Binti akaandika yote, akapigia mstari saa tano kivulini, kwa sababu ya ukungu wa Juni.

Kazi ya nyumbani haikutoka kitabuni. Kila mmoja ampigie simu bibi, shangazi au yeyote wa kijijini anayeloweka muhogo, amuulize swali moja: unajuaje kwamba umeiva majini?

Jumamosi iliyofuata majibu yalijaa ubao. Ukiubonyeza kwa kidole gumba na kikazama, toa. Ukiona ganda linabanduka lenyewe. Ukisikia harufu imegeuka. Mwalimu aliandika kila jibu kama lilivyotamkwa, upande wa kushoto, na upande wa kulia aliwaachia wao waandike kinachotokea ndani ya seli: kuta zimelegea, vyumba vimebomoka, kimeng'enya kimefika. Mpwa wangu alikuwa amempigia mama yangu, yuko Tunduru, na jibu lake lilikuwa fupi: siku tatu. Kijana wa kipimajoto akapinga. Bibi yake wa kijiji cha karibu na Songea alisema siku tano.

"Nani mwongo?" Mwalimu akauliza.

Hakuna aliyejibu. Mpwa wangu akaomba ruhusa, akatoka nje na simu. Tulimsikia dirishani, pale pale chupa zilipokuwa zimelala, akisema shikamoo, kisha akiuliza, kisha akisikiliza kwa muda. Akarudi. Bibi amesema siku tatu ni za mwezi wa kumi na moja, jua linapochoma. Mwezi kama huu hata yeye huko Tunduru anafikisha nne.

Mwalimu alifuta katikati ya ubao kwa kiganja. Akachora mistari miwili iliyokutana kwenye kona, mmoja akauandika joto, mwingine siku. Akaweka nukta ya Novemba Tunduru, ya Juni Tunduru, ya Juni Songea. Halafu akaweka chaki juu ya meza, upande wa wanafunzi, akasogea pembeni, akasubiri.